Sono Yetu Si Kosa: Muache Vijana wa Kasongo na Kabambare Wapige Reggae

Wandugu na wadada wa Kasongo, wa Kabambare, wa Salamabila, na ninyi wote munaosoma hii kwa telefone wakati rezo inakubali,

Kuko jambo moja ambalo wakubwa wetu wanaliona dogo na sisi tunaliona kubwa: sono ya kartiye. Zile bafle mbili ao tatu za mbao, ampli ya okasio, batri, pano ya jua juu ya paa, telefone ao kompyuta yenye miziki, na mikro moja ya kukwaruza. Siku ya posho jioni vijana wanakutana. Wanasikiliza Bob Marley, Lucky Dube, Alpha Blondy, Tiken Jah Fakoly. Wale wanaopenda kuchimba wanaweka ska ya zamani ya Jamaika. Wanapeana nyimbo kwa bluetooth na karte memwari, wanaulizana maana ya maneno ya Kiingereza, mmoja anatafsiri, mwingine anamkatalia. Halafu mtu wa ofisi anafika. Anauliza: "Ruhusa iko wapi?" Ukimuonyesha ruhusa anauliza: "Takse iko wapi?" Ukilipa takse anaomba ya kahawa. Kitansi hapana. Ukikataa, ampli inapanda moto na kwenda kulala kwenye ofisi, na kuitoa kule kunahitaji pesa kuliko ile ya kwanza.

Hili njo neno letu leo. Sono ya reggae si kosa. Haikuandikwa kama kosa katika sheria yoyote ya hii inchi. Anayeifunga ili apate pesa yeye njo anafanya kosa, na tutaeleza kwa nini.

Wanasema: "Ni mambo ya kigeni"

Mzee anayetuambia reggae ni ya wageni anatuambia hivyo kwa Kiswahili. Kiswahili kilifika kwetu kwa miguu, pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, kutoka pwani mpaka Ujiji, kuvuka Tanganyika, kupita Kabambare, kufika Kasongo na Nyangwe. Akimaliza kutuonya anakula wali, na mpunga nao uliletwa na watu wa misafara hiyo hiyo. Ijumaa anaenda msikitini ao siku ya Mungu anaenda misa. Dini zote mbili zilikuja na njia. Usiku anaweka rumba, na rumba yetu ilikua kwa kusikiliza sahani za Kuba zilizofika Léopoldville. Hakuna anayemuambia arudishe wali, lugha na rumba kwa wenyewe. Sasa juu ya nini reggae peke yake njo iombwe pasaporti?

UNESCO iliandika reggae ya Jamaika kwenye orodha ya urithi wa wanadamu mwezi wa Novemba 2018. Rumba ya Kongo iliandikwa kwenye orodha ile ile Desemba 2021. Kama orodha moja inabeba zote mbili, kartiye moja inashindwa nini?

Na tena reggae si mgeni kamili kwetu. Ngoma ambazo Warasta wanapiga kwenye maombi yao zinaitwa nyabinghi. Jina hilo lilitoka huku huku Maziwa Makubwa. Nyabingi ilikuwa imani ya watu wa mipaka ya Rwanda na Uganda, na mama mmoja, Muhumuza, aliongoza watu kwa jina hilo kupinga wakoloni, mpaka Waingereza wakamkamata mwaka 1911 na kumuweka mbali na kwao mpaka kufa kwake mwaka 1945. Habari ya Nyabingi ilifika Jamaika kwa magazeti miaka ya 1930, Warasta wakalishika jina. Upande wa magharibi, watu wa Kongo ya Chini walipelekwa Jamaika karne ya 19, hata baada ya utumwa kukomeshwa kule, kama vibarua wa mkataba, na ngoma yao inayoitwa kumina inapigwa mpaka leo katika jimbo la Saint Thomas. Mwaka 1977 kundi moja la waimbaji wa kule lilitoa albamu Heart of the Congos pamoja na Lee Perry. Kundi lenyewe linaitwa The Congos. Watu waliotuimba sisi mbali hivyo, sisi tuwafungie mlango?

Hatutaki kudanganya mtu. Wazee wetu waliotekwa huku Maniema wengi walipelekwa mashariki, si Jamaika. Lakini soko la Nyangwe liko karibu na sisi, kando ya Lualaba, na mwezi wa saba 1871 watu wa biashara ya watumwa walipiga risasi wamama sokoni pale, Livingstone akiona kwa macho yake. Wengine walifungwa minyororo mpaka pwani. Halafu Aprili 1893 jeshi la Léopold lilichukua Kasongo, likasema limekuja kumaliza utumwa, na watu wakaona utumwa wa namna nyingine, ule wa mpira na wa mijeledi. Mtu wa Kasongo hahitaji kamusi ili aelewe wimbo unaosema juu ya mnyororo.

Wanasema: "Ni wavuta bangi"

Bangi sheria inaikataza. Mtu akiivuta na polisi wakimkamata, hiyo ni kesi yake na sheria. Lakini hapa kwetu kesi inafunguliwa juu ya nywele. Kijana mwenye rasta kichwani anasimamishwa kwenye barière, anapekuliwa, hawakuti kitu, na bado anaombwa pesa. Kama nywele ni ushahidi, basi koti na kravati nazo ziwe ushahidi, kwa sababu pesa ya barabara za Maniema haikuibiwa na watu wenye rasta.

Kuko vijana wengi wanaopenda reggae na hawajawahi kugusa bangi wala lotoko. Kuko Waislamu wanaosali mara tano na kumpenda Lucky Dube. Kuko wanakwaya wa parokia. Lucky Dube mwenyewe, aliyeuawa Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007 na majambazi waliotaka gari yake, aliimba juu ya baba mlevi, juu ya watoto, juu ya wafungwa. Watu waliomsikiliza kwa makini wanajua kama wimbo wake ulikuwa unamrudisha mtu nyumbani kuliko kumtoa.

Sono ilianza namna gani, na juu ya nini inatuhusu

Wengi wetu tunapenda miziki bila kujua vyombo. Tuseme kidogo.

Mwisho wa miaka ya 1940, Kingston, maskini hawakuwa na pesa ya kuingia mahali penye orkestra, na radio haikuwa inapiga kile walichopenda. Basi watu wakaanza kutoa vyombo barabarani: kinanda cha sahani, ampli ya taa, makasha makubwa ya bafle. Mmoja wa wa kwanza alijulikana kama Tom the Great Sebastian. Ampli zake zilitengenezwa na Hedley Jones, fundi aliyekuwa amepita kwenye jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita. Baadaye wakaja Duke Reid, ambaye alikuwa polisi zamani, na Coxsone Dodd, na Prince Buster. Kila mmoja na sono yake, kila mmoja na watu wake. Mwanzoni walipiga sahani za Wamarekani Weusi. Zile sahani zilipoanza kukosekana, wakasema: sisi wenyewe tutarekodi. Katika kule kurekodi njo ska ilizaliwa. Muangalie mpango wa mambo: sono ilitangulia, muziki ukafuata. Watu hawakungoja studio ya Leta, ao mfadhili, ao ministeri ya utamaduni.

Prince Buster alienda kuwatafuta wapiga ngoma Warasta wa Count Ossie na kuwaweka kwenye wimbo wa Folkes Brothers, "Oh Carolina". Wakati ule Warasta walikuwa wanatupwa na kila mtu: polisi, kanisa, wazazi. Ngoma ya waliofukuzwa ikaingia kwenye sahani na inchi nzima ikacheza.

Tarehe 6 Agosti 1962 Jamaika ilipata uhuru, na ska njo ilikuwa muziki wa hiyo furaha. Sisi tulikuwa tumetangulia: mwaka 1960 Kabasele na African Jazz walikuwa wamekwisha kutupa "Indépendance Cha Cha". Inchi mbili zilicheza uhuru, na zote mbili asubuhi zikaamka na kuuliza uhuru wenyewe uko wapi. Ska ni ya mbio, ukiisikia mara ya kwanza utasema ni furaha tupu. Ilipofika mwaka 1966 ilipunguza mwendo ikawa rocksteady, na mwaka 1968 ikawa reggae, na besi ikawa nzito kwa sababu hata maisha yalikuwa mazito.

Wapiga tarumbeta wengi wa Skatalites, kundi kubwa la ska lililoanza 1964, walijifunza kwenye Alpha Boys School, nyumba ya masista Wakatoliki kwa watoto maskini. Mufikiri hapo. Kanisa la Kimbangu linajulikana inchi nzima kwa fanfari zake. Parokia zetu ziko na kwaya na ngoma. Kama kijana wa fanfari angekaa na kijana wa sono siku moja, tungekuwa na ska ya Kasongo kwa Kiswahili chetu. Tatizo hapa si kukosa watu. Tatizo ni kwamba kila wakikutana kuko mtu wa kuja kuuliza takse.

Na mafundi. King Tubby, yule aliyefanya dub, kazi yake ilikuwa kutengeneza radio na ampli zilizoharibika. Alikuwa anaondoa sauti ya muimbaji kwenye wimbo, anaacha ngoma na besi, na pale palipobaki wazi mtu kama U-Roy alishika mikro na kusema. Hapa kwetu fundi kama huyo yuko kwenye kila soko. Anakaa chini ya mwavuli, na chuma cha kuunguza risasi na telefone tano zilizofunguliwa. SNEL haimuletei kuran nyumbani. Usiku Kasongo ni ya makoroboi, matochi na pano za wenye uwezo. Katika giza lile kijana anapiga hesabu: batri ya namna gani, saa ngapi itashika, ampli inakula kiasi gani, bafle iwe na tundu la ukubwa gani ili besi isipotee. Hiyo ni shule ya umeme. Wengi wetu tulipita iniversite, tuko na diplome ndani ya sanduku, na hakuna kazi; yule fundi hana diplome na njo anatuangazia.

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 48, inasema raia ana haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Sheria ya 17 Juni 2014 ilifungua mlango ili wengine kando ya SNEL waweze kuzalisha na kuuza umeme. Miaka imepita. Kabambare, ambako dhahabu ya Namoya ilichimbwa na mashine kubwa zenye umeme wake, vijiji vilibaki na koroboi. Sasa serikali ambayo haikuleta hata taa moja inakuja kutoza kijana aliyejinunulia pano. Anatozwa juu ya nini? Juu ya jua?

Sababu ya kweli ni mikro

Kelele si sababu ya kweli. Tungeamini ni kelele kama sono za kampanye zingefungwa. Wote munakumbuka kuanzia tarehe 19 Novemba 2023, kampanye ilipofunguliwa: magari na bafle, asubuhi mpaka usiku, mbele ya hospitali, mbele ya shule, mbele ya misikiti. Hakuna aliyeulizwa ruhusa ya kartiye. Hakuna ampli ya mgombea iliyolala ofisini. Kumbe bafle ni ile ile. Kinachowasumbua ni nani ameshika mikro.

Mtu anayesema reggae ni mchezo wa watoto tumuulize: juu ya nini wakubwa wanaiogopa?

Mwaka 2013, Burkina Faso, watu wawili wa muziki, Sams'K Le Jah wa reggae na Smockey wa rap, walikuwa katika waanzilishi wa Balai Citoyen. Sams'K alijulikana kwa kipindi cha reggae kwenye radio; watu walizoea sauti yake kabla hajawaita barabarani. Tarehe 30 na 31 Oktoba 2014 raia walijaa Ouagadougou, na Blaise Compaoré, aliyekaa miaka 27, akakimbia. Hatusemi wimbo ulimuangusha. Raia njo walimuangusha. Lakini walikuwa wamezoea kukutana, kusikilizana na kushika mikro kwa zamu, na sehemu ya mazoezi hayo ilifanyika ndani ya muziki.

Tarehe 15 Machi 2015, Kinshasa, vijana wa Balai Citoyen na wa Y'en a Marre ya Senegali walikuja kukaa na vijana wa Kongo wakati wa kuzindua Filimbi. Walikamatwa mahali pale pale. Wageni walifukuzwa inchini. Fred Bauma na Yves Makwambala walibaki gerezani mpaka Agosti 2016. Mwezi wa Juni mwaka ule ule wa 2015, Tiken Jah Fakoly alifika uwanja wa ndege wa N'Djili kwa ajili ya konseri. Hakuwa na bunduki, alikuwa na nyimbo. Wakamrudisha alikotoka.

Hiyo ilikuwa utawala uliopita, mutasema. Sawa. Novemba 2021, chini ya utawala mwingine, komisiyo ya kusensire nyimbo ilipiga marufuku wimbo wa kundi la MPR, "Nini to sali te", kwa sababu ulisema maisha yalivyo. Watu walipiga kelele mpaka marufuku ikaondolewa. Na tarehe 13 Februari 2025, Goma, Delcat Idengo, ambaye nyimbo zake za Kiswahili zilikuwa zimekwisha kumpeleka gerezani, aliuawa kwa risasi. Hakuwa mtu wa reggae, lakini kifo chake kinatuhusu. Aliimba kwa lugha yetu, na mtu akaona dawa yake ni risasi.

Kwa hiyo musituambie ni kelele. Mbele ya bafle mtu wa Kabambare anasema barabara imekufa na wengine wanaitika. Mama anasema mtoto alifia njiani juu ya moto kwenda hospitali, na wengine wanaitika. Kule kuitika njo kunaogopesha. Mtu mmoja akilalamika nyumbani kwake, ni shida yake. Mia wakiitika pamoja, imekuwa shida ya mkubwa.

Wakubwa hawaifungi tu. Wanainunua pia

Hapa tunataka vijana wetu wasikilize vizuri, kwa sababu hatari hii haiji na polisi, inakuja na bahasha.

Jamaika, mwaka 1972, chama cha Michael Manley kilichukua wimbo wa Delroy Wilson, "Better Must Come", kikafanya wimbo wa kampanye. Delroy alikuwa ameimba juu ya shida zake mwenyewe za kazi. Chama kilishinda. Miaka ile iliyofuata vijana wa kartiye za chama hiki na kartiye za chama kile waliuana, mpaka Bob Marley alipigwa risasi nyumbani kwake tarehe 3 Desemba 1976, na tarehe 22 Aprili 1978 akawapandisha Manley na Edward Seaga jukwaani, akawashikanisha mikono mbele ya watu. Picha ilikuwa nzuri, na mauaji yaliendelea.

Karibu na sisi, Kenya: Raila Odinga na watu wake walipotaka kubadilisha katiba kwa mpango wa BBI, walizunguka inchi wakisema hakuna wa kuzuia reggae. Neno la vijana wa matatu likawa neno la wanasiasa. Tarehe 13 Mei 2021 Mahakama Kuu ilizuia mpango, na wapinzani wakacheka kama reggae imezimwa. Reggae yenyewe haikuwa imeombwa maoni. Ilivaliwa kama koti ya kukopa, ikavuliwa.

Na huku kwetu? Kila kampanye, mgombea anakuja kwa wenye sono. Anakodi bafle, anakodi kijana wa mikro, anawapa fulana. Nyimbo zile zile za haki zinapigwa kati ya jina lake na jina la chama chake. Uchaguzi ukiisha, anapanda ndege Kindu. Miezi sita baadaye ampli inakamatwa, wenye sono wanamtafuta kwa telefone, namba haipatikani. Hatukatazi mtu kula. Tumbo ni tumbo, na kukodisha bafle ni kazi kama kazi nyingine. Tunachosema ni hiki: kodisha chombo, usikodishe mdomo. Bafle ikirudi nyumbani irudi na uhuru wake.

Neno kwa sisi wenyewe

Tukitaka heshima, tuilinde. Kuko sono ambazo zinapiga mpaka usiku wa manane karibu na mgonjwa, karibu na mtoto mchanga, karibu na nyumba yenye kilio. Hiyo haina kitu cha haki za raia ndani yake. Adhana ikilia, sauti ishuke. Haichukui dakika nyingi. Kukiwa na matanga kwa jirani, sono inazimwa na vijana wanaenda kubeba viti. Wazee wetu wakiona hivyo, wenyewe watakuwa wa kwanza kumkatalia mtu wa ofisi.

Halafu, wadada wako wapi? Kwenye sono nyingi za kwetu msichana anaitwa kucheza na kuuza vinywaji, haguswi meza ya sauti. Jamaika, biashara ile ilikuwa ya wanaume pia, lakini Sonia Pottinger alikuwa prodiktere na alitoa nyimbo kubwa, na Sister Nancy alitoka kwenye mikro za sono mpaka "Bam Bam" ya mwaka 1982, ambayo dunia nzima inaijua. Dada anayeimba kwaya ya parokia ao kaswida kwenye maulidi ako na sauti kuliko wengi wanaopiga kelele "Jah!" kwenye mikro. Mpeni mikro. Mfundisheni waya.

Na rangi. Kuvaa kijani, njano na nyekundu ni kazi nyepesi. Kuko mtu amejaa Marley kifuani, na siku raia wanasafisha karaveni ya maji ya mvua kwenye kartiye yake hatumuoni. Huyo hapana Rasta, huyo ni mteja wa butiki ya nguo. Wenye kupenda hii miziki tuwaone kwenye salongo, tuwaone kwenye mikutano ya wazazi shuleni, tuwaone wanapouliza pesa ya barabara ilienda wapi.

Mwisho, lugha. Tuko na Kiswahili ambacho watu wa Kisangani na Bukavu wanakisifu. Tuko na Kibangubangu, Kizimba, Kisongola, Kibuyu. Kule Bukoba, Tanzania, marehemu Justin Kalikawe aliimba reggae kwa Kiswahili na watu wa kijijini wakamuelewa bila kutafsiriwa. Sisi tunangoja nani? Kila sono iwe na dakika zake za watu wa hapa, hata kama sauti bado si safi. Hizo nyimbo za kwanza za Kingston nazo hazikuwa safi.

Tunachoomba, na tunachofanya

Kwa wakubwa wa teritwari za Kasongo na Kabambare, wa vile na wa sheferi:

1. Orodha ya takse. Katiba, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Basi mubandike ukutani, kwa Kiswahili, takse gani sono inalipa, kwa sheria ya namba gani, franka ngapi. Kisichoandikwa hatulipi. Bila kitansi hatulipi.

2. Muache kuomba ruhusa mahali ambapo sheria haiombi. Kwa maandamano yenyewe ya barabarani, kifungu cha 26 kinaomba tu kujulisha wenye mamlaka kwa maandishi. Kujulisha si kuomba. Sembuse vijana wanaokaa kiwanjani kusikiliza wimbo? Kifungu cha 46 kinalinda uhuru wa sanaa.

3. Vyombo vyote vilivyokamatwa bila karatasi virudishwe kwa wenyewe, bila malipo. Na ninyi polisi wadogo mnaotumwa, musome kifungu cha 28: hakuna anayelazimishwa kutii amri iliyo kinyume cha sheria waziwazi. Tunajua mshahara wenu nao unachelewa. Tuulize pamoja.

4. Sheria ya kelele iwe moja. Saa ya kushusha sauti ipangwe na wakaaji wa kartiye, wazee, imamu, padri, pasta na vijana wakiwa wamekaa pamoja. Itakayopangwa imfunge na mgombea na gari lake, na mdepite na karamu yake.

Kwa wenye sono na wapenzi wa reggae:

1. Kila kartiye muandike jina la sono, watu wawili wa kujibu, na saa za kupiga. Mpeleke barua ya kujulisha, mubaki na kopi yenye muhuri. Asiyetaka kupiga muhuri, mpige picha mlango wake na muandike tarehe.

2. Mtu akikuomba pesa, uliza jina, kazi na kitansi kwa sauti ya heshima, mbele ya watu. Usipigane. Usitukane. Andika.

3. Kila siku ya sono, dakika kumi za mikro ni za raia: maji, shule, barabara, barière. Anayesema aseme kile alichokiona. Hapana kusema kabila la mtu, hapana kuita mtu mgeni, hapana kumsifu mwenye silaha. Kabambare imezika watu wa kutosha.

4. Mafundi wafundishe. Kila sono ichukue vijana wawili, msichana na mvulana, wajifunze batri, waya na meza ya sauti.

Barua hii tunaipeleka pia kwa mikono kwenye ofisi zinazohusika, na tutaandika hapa hapa nani aliipokea na nani aliikataa. Kama ndani ya mwezi mmoja orodha ya takse haijabandikwa, tutakusanyika mbele ya ofisi, kwa amani, mchana, na bafle moja tu, sauti ya chini. Tutasoma vifungu vya Katiba kwenye mikro, kimoja kimoja, kwa Kiswahili, na kati ya kifungu na kifungu tutaweka wimbo. Atakayetaka kutufunga atuambie mbele ya watu kilichomuudhi: wimbo ao kifungu.

Vijana wa muvema, Kasongo na Kabambare